Ndani, Nje au Ukutani: Historia ya Kujenga Vigunduzi Ndani ya Kompyuta

Tarehe 4 Julai 2012, katika makao ya maabara ya CERN nje kidogo ya jiji la Geneva, wanafizikia walitangaza kwamba wamepata chembe mpya, ile iliyotafutwa kwa karibu nusu karne: Higgs. Magazeti ya dunia yalichapisha picha za vigunduzi vya ATLAS na CMS, mitambo mikubwa iliyokaa chini ya ardhi kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. ATLAS ina urefu wa mita 46 na kipenyo cha mita 25. CMS ni fupi kuliko hiyo, lakini ina uzito wa tani 14,000. Ambavyo havikupigwa picha siku ile ni vigunduzi viwili vingine, pacha wa hivyo, vilivyojengwa ndani ya kompyuta bamba kwa bamba na bomba kwa bomba. Bila pacha hao hakuna mwanafizikia ambaye angethubutu kutamka kwamba ameona kitu kipya, kwa sababu asingejua mtambo wake ungeonyesha nini endapo kitu hicho kisingekuwapo.

Historia ya pacha hao ni historia ya swali moja lenye sehemu mbili. Chembe ikiwa mahali fulani, imo ndani ya kitu gani? Na ikizidi kwenda inakoelekea, imebakiza umbali gani kuufikia ukuta? Kompyuta huulizwa hivyo mabilioni ya mara, maana yatakayoipata chembe ndani ya chuma siyo yatakayoipata hewani au ndani ya risasi. Jibu likikosewa, kila kinachofuata kimepotoka, hata kama sheria za fizikia zimeandikwa bila kosa.

Tufe la von Neumann

Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, mwenye asili ya Poland aliyefanya kazi katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani, alikuwa akipata nafuu baada ya kuugua. Alijiliwaza kwa karata za mchezaji mmoja, akajaribu kukokotoa uwezekano wa mchezo kukamilika. Hesabu zilipomwelemea aliona njia nyepesi: cheza mara nyingi, kisha hesabu umefaulu mara ngapi. Wazo hilo alimpelekea mwanahisabati mwenzake John von Neumann. Tarehe 11 Machi 1947 von Neumann alimwandikia barua Robert Richtmyer wa Los Alamos, akieleza jinsi kompyuta ingeweza kuifuata neutroni moja moja, kila hatua ikiamuliwa na namba ya bahati nasibu. Mwenzao Nicholas Metropolis akaipa mbinu hiyo jina la Monte Carlo, mji wa kamari ulioko Monaco.

Kazi yenyewe ilihusu silaha za nyuklia, na hilo halifichiki. Lakini tazama umbo lililokuwamo katika mpango ule: matufe, moja ndani ya jingine, yakishiriki kitovu kimoja. Ndani ya tufe swali letu ni jepesi kabisa. Ukijua umbali wa neutroni kutoka kitovuni, umejua imo katika tabaka gani. Mwaka 1948 hesabu za namna hiyo ziliendeshwa kwenye kompyuta ya ENIAC, na Klara von Neumann alikuwa miongoni mwa walioziandikia maagizo. Mashine ile ilikuwa na kumbukumbu finyu mno, na tufe ndilo umbo lililoweza kuenea humo.

Kujumlisha maumbo na kuyatoa

Dunia haikuumbwa kwa matufe peke yake. Mwaka 1966, katika jimbo la New York, Phillip Mittelman alianzisha kampuni ya MAGI, na moja ya kazi zake ilikuwa kukokotoa mionzi ya nyuklia inavyopenya ndani ya magari ya kivita. Kifaru kina bamba, mzinga, magurudumu na nafasi za kukaa watu. Hakuna fomula moja inayokieleza. Mbinu waliyoitumia MAGI ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa kila kilichofuata: chukua maumbo machache rahisi, kama sanduku, tufe, silinda na koni, kisha yaunganishe kwa kanuni tatu. Ya kwanza ni muungano, yaani umbo hili pamoja na lile. Ya pili ni tofauti, umbo hili pasipo lile. Ya tatu ni makutano, yaani sehemu tu inayomilikiwa na yote mawili. Silinda ukiitoa ndani ya silinda nyingine umepata bomba. Sanduku ukilitoboa kwa silinda nne umepata bamba lenye matundu ya skrubu.

Ubora wa mbinu hii ni kwamba swali gumu hugeuka kuwa maswali mepesi. Kujua kama nukta imo ndani ya bomba, uliza kama imo ndani ya silinda kubwa na kama imo nje ya ile ndogo. Basi.

Kisha MAGI waliona jambo lililokuwa mbele ya macho yao. Mstari wa mionzi unaosafiri hadi kugonga ukuta hauna tofauti, kihesabu, na mstari wa mwanga unaorudi jichoni. Programu iliyojua mionzi inagonga wapi iliweza pia kuchora picha ya kitu. Wakaijenga SynthaVision, na filamu ya Tron ya mwaka 1982, moja ya zile za kwanza kutumia kwa wingi picha zilizozaliwa ndani ya kompyuta, ina pikipiki za mwanga zilizotoka katika mbinu hiyo. Miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Rochester, Herbert Voelcker na Aristides Requicha waliipa mbinu ya kuunganisha maumbo misingi thabiti ya kihisabati, na wahandisi wa viwandani wakaipokea.

Wakati huohuo, kwenye maabara ya Oak Ridge jimboni Tennessee, umbo la mwanadamu nalo lilikuwa limeingizwa katika fomula. Mwaka 1969 Walter Snyder na wenzake walichapisha mfano wa mwili kwa ajili ya kukokotoa dozi ya mionzi: kiwiliwili ni silinda iliyobonyezwa pande mbili, miguu ni koni zilizokatwa ncha, figo na ini ni vipande vya maumbo ya aina hiyo. Ulikuwa mwili wa fomula tupu, na madaktari waliutegemea kwa miongo kadhaa.

Herufi nne za GEANT

Huko CERN, wanafizikia wa chembe walikuwa na haja yao. Vigunduzi vilizidi kuwa vikubwa, na kila jaribio lilikuwa likijiandikia programu yake ya kuiga. Mwaka 1974 ilitoka programu ndogo ya pamoja iliyoitwa GEANT, jina lililofupishwa kutokana na maneno yenye maana ya jiometria na ufuatiliaji. Mwaka 1982 René Brun na wenzake walianza kuiandika upya ikawa GEANT3, kwanza kwa ajili ya OPAL, moja ya majaribio manne ya LEP, mashine iliyozunguka kilomita 27 chini ya ardhi na kuanza kazi mwaka 1989.

GEANT3 iliandikwa kwa lugha ya Fortran, na maumbo yake yalikuwa na majina yasiyozidi herufi nne. Kulikuwa na BOX, TUBE, CONE, SPHE, TRAP, na PCON kwa silinda na koni zilizopangwa mfululizo kwenye mhimili mmoja. Tuichukue TUBS, kipande cha bomba. Ilihitaji namba tano tu: nusu kipenyo cha ndani, nusu kipenyo cha nje, nusu ya urefu, pembe ya kuanzia na pembe ya kuishia. Zingatia kwamba ni nusu ya urefu. Kila umbo lilikaa na kitovu chake kwenye sifuri, kwa hiyo kuuliza kama nukta imo ndani kwa upande wa urefu ni kulinganisha namba mbili pekee. Mwanafunzi aliyetaka sanduku la sentimita 20 aliandika 10, na aliyesahau alipata sanduku la sentimita 40.

Maumbo yalipangwa kwa ukoo. Umbo la nje liliitwa mama, na yaliyomo ndani yake yaliitwa mabinti. Sheria ya kawaida ilikuwa hii: binti asitokeze nje ya mama yake, na mabinti wawili wasigombanie nafasi moja. Kwa mpango huo programu haikulazimika kuulizia kigunduzi kizima. Ilimuuliza mama mwenye chembe ndani yake, kisha mabinti zake. Kizazi kizima cha wanafizikia kilijifunzia hapo kazi ya kugeuza chuma na silikoni kuwa orodha ya namba.

Programu mpya, jibu la tatu

Kufikia mwaka 1993 mambo yalikuwa yamefika ukingoni. Mashine mpya ya kugonganisha protoni, LHC, ilikuwa njiani, na Fortran ya zamani haikuweza kubeba vigunduzi vyake bila kugeuka fumbo lisilosomeka. CERN na KEK, maabara ya Japani iliyoko Tsukuba, kila moja kwa upande wake ilianza kuchunguza njia mpya. Mwaka 1994 waliunganisha nguvu katika mradi ulioitwa RD44, chini ya uongozi wa Simone Giani, ukikusanya wanasayansi wapatao 100 wa Ulaya, Urusi, Japani, Kanada na Marekani. Desemba 1998 walitoa Geant4, iliyoandikwa kwa lugha ya C++. Makala yao ya mwaka 2003 ni miongoni mwa makala za fizikia zilizonukuliwa mara nyingi zaidi duniani.

Katika Geant4 kila umbo ni kitu kinachojitegemea, na kinalazimika kujibu maswali yaleyale: nukta hii iko wapi, ukuta uko umbali gani kwa anayeingia, uko umbali gani kwa anayetoka, na uso wa ukuta umeelekea wapi. Umbo lolote jipya linaloweza kujibu hayo linakaribishwa. Huo ndio uamuzi uliofungua mlango kwa yote yaliyofuata.

Na hapo swali la ndani au nje likapata jibu la tatu. Kompyuta haishiki kila namba kwa usahihi wote. Hukatia desimali mahali fulani. Chembe ikisogezwa hadi ukutani, inaweza kuangukia unywele mmoja upande huu au ule, na programu ikadhani bado haijavuka. Kwa hiyo wajenzi wa Geant4 waliupa ukuta unene: sehemu moja ya bilioni ya milimita. Nukta iliyomo katika unene huo haimo ndani wala nje. Imo ukutani, na mwelekeo wa safari ndio unaoamua inaingia au inatoka.

Lilikuwapo pia suala la mwendo. Mama mwenye mabinti elfu hawezi kuulizia kila mmoja wao kwa kila hatua. Paul Kent na wenzake waliandaa mbinu ya kukata nafasi ya mama vipande vyembamba kabla kazi haijaanza, na kuandika kila kipande kina mabinti gani. Vipande jirani vyenye orodha ileile huunganishwa kuwa kimoja. Chembe ikifika, programu hutazama orodha fupi ya kipande kile tu.

Pete, kodiani na pepeo

Wapo wanaodhani kwamba umbo likionekana rahisi machoni litakuwa rahisi kwa hesabu. Pete nene hukanusha hilo. Mstari ulionyooka unaweza kuitoboa mara nne, kwa hiyo umbali hadi ukutani unapatikana kwa kutatua mlinganyo wa daraja la nne. Lodovico Ferrari aliupatia ufumbuzi huko Italia, na Gerolamo Cardano akauchapisha mwaka 1545. Lakini fomula ile, ikiwekwa kwenye kompyuta inayokatia desimali, hupoteza usahihi mahali ambapo usahihi unahitajika mno. Geant4 huutafuta ukuta wa pete kwa kukaribia hatua kwa hatua.

Mtihani mkubwa ulitoka ATLAS. Kalorimita yake, sehemu inayopima nishati ya elektroni na fotoni, ina mabamba ya risasi yaliyozama ndani ya argoni iliyopozwa hadi kuwa kimiminika. Mabamba yaliyonyooka yangeacha mianya ya chembe kupenya bila kupimwa. Hivyo yalikunjwa kama kodiani, muundo uliopendekezwa na Daniel Fournier mwaka 1990. Kila nusu ya pipa la katikati ina mabamba 1,024 ya aina hiyo. Kwenye magurudumu ya miisho kazi ilizidi, maana bamba linaanza karibu na mhimili na kupanuka likienda nje, na pembe ya mikunjo inabadilika njia nzima. Wajenzi walilibatiza Pepeo la Kihispania. Gurudumu la nje lina mabamba 768 na la ndani 256.

Hakuna umbo la dukani lililoweza kuyaeleza mabamba hayo. Watu wa ATLAS waliandika umbo lao wenyewe, lenye kikokotoo kinachojua fomula ya mkunjo: kikipewa nukta yoyote, hutafuta bamba lililo karibu na kupima umbali hadi mstari wa katikati wa unene wake. Chembe nyingi za nishati kubwa huishia humo zikizaa maelfu ya chembe ndogo, na kila moja ilibidi ipitie kikokotoo kile. Muda wa kompyuta ulimezwa kwa wingi. Baadaye gurudumu liligawanywa vipande vifupi kwa kufuata mhimili, ili kila swali lihusu eneo dogo, na muda mwingi ukaokolewa. Kazi ya namna hii haipati tuzo, lakini huokoa umeme na miezi ya mashine katika nchi nyingi.

Milimita mbili

Pacha wa kompyuta akikosewa hutokea nini? Mara nyingi hakuna kelele. Mabinti wawili waliopandana kwa sehemu ndogo ya milimita huifanya chembe ipotee njia: imo ndani ya wote wawili, na kila mmoja anadai ni wake. Geant4 huhesabu hatua za urefu sifuri. Zikifika 10 mfululizo huisukuma chembe kidogo. Zikifika 25 huachana nayo. Ndiyo maana programu ina ukaguzi wake: hutupa nukta 1,000 juu ya uso wa kila umbo, na kuuliza kama yoyote imeangukia ndani ya jirani.

Lakini ukaguzi huo hauwezi kukuambia kama mtambo halisi uko pale ulipousema. Mwaka 2010, ATLAS ilipokuwa ikikusanya data za migongano, wanafizikia walizitumia chembe zenyewe kama wapimaji. Chembe ikigonga kiini cha atomu ndani ya chuma, huacha alama ya mgongano mahali hapo. Alama nyingi zikikusanywa huchora ramani ya chuma chote. Ramani ile ilionyesha kwamba bomba linalopitisha protoni halikuwa katikati kama lilivyokuwa ndani ya kompyuta; lilikuwa chini kwa takriban milimita 2. Pacha akasahihishwa. Huu ndio uaminifu wa sayansi ukiwa kazini: mfano huhojiwa na kitu chenyewe, na kitu ndicho chenye neno la mwisho.

Kutoka kigunduzi hadi mwili

Wahandisi wanaochora mitambo huieleza kwa nyuso: ukingo huu, mpindo ule, tundu la skrubu. Mwanafizikia anahitaji kujua kilichomo ndani. Daraja kati yao lilipatikana katika umbo lililofunikwa kwa vipande vidogo vya pembetatu na pembenne, ambalo Peter Truscott wa kampuni ya QinetiQ aliliingiza ndani ya Geant4 kwa udhamini wa Shirika la Anga la Ulaya. Jaribio la LHCb nalo lilikuwa na ganda la alumini lililokunjwa kunjwa, lenye unene wa takriban milimita 0.3, lililotenganisha silikoni yake na ombwe la mashine. Kulieleza kwa pembetatu kulihitaji zaidi ya laki moja. Miaka ya 2010, CERN ilipounda upya maktaba ya maumbo ikawa VecGeom, umbo la aina hiyo likapata mbinu ya kutafuta pembetatu husika bila kuzipitia zote.

Shirika hilo la anga lilikuwa na sababu ya kujali. Mwaka 1999 darubini ya eksirei ya Marekani, Chandra, iligundulika angani kuwa inaharibiwa na protoni zilizokuwa zikiteleza juu ya vioo vyake hadi kwenye kamera. XMM-Newton ya Ulaya, yenye vioo 58 vilivyovikwa kimoja ndani ya kingine kwa kila darubini, ilikuwa karibu kurushwa. Geant4 ilitumika kufuatilia njia ya protoni hizo kati ya vioo, na kamera zikawekewa utaratibu wa kufungwa kila chombo kinapopita kwenye mikanda ya mionzi. Elimu hiyo ya eksirei za angani ina mizizi pwani yetu: setilaiti yake ya kwanza, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi.

Mwili wa binadamu nao haukuachwa kwenye fomula za 1969. Mwaka 2009 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ICRP, ilitoa miili iliyojengwa kwa visanduku vilivyotokana na picha za hospitali. Kila kisanduku cha mwili wa mwanamume kilikuwa na urefu wa milimita 8. Tabaka la ngozi linalodhuriwa na mionzi na lenzi ya jicho havikuweza kuonyeshwa kwa usahihi humo. Mwaka 2020 tume ilitoa miili mipya ya piramidi ndogo zenye nyuso nne za pembetatu, zaidi ya milioni 8 kwa kila mwili, na Geant4 hupita ndani yake ikiuliza swali lilelile.

Kutoka tufe la 1947 hadi piramidi milioni 8, kilichobadilika ni maumbo; kazi imebaki kusema ukweli kuhusu mahali kitu kilipo. Nasema wazi kwamba wajenzi wa maumbo wanastahili nafasi yao katika historia ya fizikia, sawa na waliotangaza chembe jukwaani. Na kwa wanafunzi wa fizikia wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali, na kwa wataalamu wa mionzi katika hospitali zetu za saratani: Geant4 ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Haingojei maabara kubwa wala ruhusa. Anzeni na sanduku moja la maji, rusheni protoni moja, kisha kagueni kuta kabla hamjaamini jibu.